Pesa za Serikali kwa Wanaotumia Akili Mnemba: Nani Anastahiki?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiojuana. Mmoja yuko Majengo hapa Mombasa, mmoja Malindi, na wa tatu ni mtoto wa halati yangu aliyeolewa bara, anaishi Soweto West, Kibera, Nairobi. Swali lenyewe ni hili: ni kweli serikali inatoa pesa kwa biashara zinazotumia AI, yaani hii akili mnemba ya kwenye simu, mradi uitumie vizuri? Yule wa Malindi alikuwa ameshatajiwa na mtu ada ya shilingi 500 ya "kuandikishwa".

Nimeona bora niwajibu wote pamoja, na wengine mkiwa mnasikia.

Pesa za aina hiyo zipo katika nchi nyingine. Hapa kwetu tulicho nacho ni mkakati, na mkakati haugawi pesa. Lakini msomaji usiondoke. Masharti yatakayokuja na pesa hizo siku zikija yanajulikana tayari, kwa kuwa mengi yao yako katika sheria ya Kenya tangu mwaka 2019. Na mwenye kibanda asipoyatimiza, hasara inaweza kumfika hata kama hatapata senti ya serikali.

Tuanze na walio mbele. Singapore wana ruzuku iitwayo Productivity Solutions Grant. Serikali huchangia hadi nusu ya gharama pale biashara ndogo inaponunua programu au mtambo wa kurahisisha kazi. Ili ustahiki, biashara iwe imesajiliwa na inaendeshwa Singapore, angalau asilimia 30 ya hisa ziwe za wenyeji, na mauzo ya mwaka yasizidi dola milioni 100 za nchi hiyo au wafanyakazi wasizidi 200. Programu yenyewe unaichagua katika orodha iliyopitishwa. Canada nayo, katika bajeti ya 2024, ilitenga dola milioni 200 za kwao zipitie mashirika ya maendeleo ya mikoa kwa ajili ya biashara zinazobuni au kuanza kutumia akili mnemba.

Ukiyatazama masharti ya Singapore, hakuna linalouliza mwenye duka anajua kompyuta kiasi gani. Yanauliza umesajiliwa wapi, mali ni ya nani, mauzo ni kiasi gani. Na ile orodha ina maana kwamba kuna mtu aliyeitazama programu kabla ya wewe kuinunua. Kwetu sisi mtu anapakua kitu usiku, asubuhi ameshakipa majina ya wateja wake wote.

Mkakati wa Taifa wa Akili Mnemba wa Kenya ulizinduliwa Nairobi tarehe 27 Machi 2025, na unahusu miaka 2025 hadi 2030. Nguzo zake ni tatu: miundombinu, data, na utafiti na ubunifu. Uwekezaji umetajwa, maadili yametajwa, ujumuishaji umetajwa. Ni hati nzuri kuwa nayo. Lakini ni kama mchoro wa nyumba: unaonyesha chumba cha kulala kitakuwa wapi, na usiku ukiingia huwezi kulala ndani ya karatasi. Haina fomu ya kujaza wala dirisha la kupangia foleni. Kwa hivyo anayekutoza shilingi 500 akuandikishe katika "pesa za AI" anauza chumba cha kwenye mchoro.

Zilizopo ni pesa za biashara kwa jumla, nazo hazikuulizi kama unatumia akili mnemba au daftari la kurasa mia. Kuna Uwezo Fund, iliyoanzishwa 2013 kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuna Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ya mtu mmoja mmoja kupitia simu. Kuna mradi wa NYOTA, unaogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, unaotoa shilingi 50,000 kwa kijana bila ya kurudisha. Ukizipata unaweza kununua cherehani, unga, simu, au kulipia programu. Nitazirudia hapo chini, kwani kila moja ina mlango wake.

Sasa nikupeleke Soweto West.

Kibera ina vijiji vingi vilivyobanana: Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Mashimoni, Gatwekera, Kianda, Kisumu Ndogo, Soweto East na Soweto West. Jina lenyewe limetokana na neno la Wanubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi ni ndugu zetu katika imani, vizazi vya askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza la King's African Rifles na kukalishwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Walingoja zaidi ya miaka mia mpaka 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288. Soweto West iko upande wa magharibi, mabati juu ya mabati, reli ya kwenda Kisumu ikipita katikati ya maisha ya watu.

Huko mtoto wa halati yangu yuko katika kikundi cha kina mama kumi na wawili. Wana vyerehani vitatu. Wanashona madera, sare za shule na mapazia, na wawili wao alfajiri wanauza mahamri na mbaazi, maana Mswahili hata akihamia mwezini atatafuta nazi. Wateja wao ni majirani, na majirani hulipa kidogo kidogo. Kwa hivyo kikundi kina vitabu viwili. Kimoja ni cha vipimo: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, na nambari ya simu. Cha pili ni daftari la madeni.

Mwaka jana mmoja wao, msichana mwerevu, aliwaonyesha programu ya bure kwenye simu. Unaiuliza kwa Kiswahili, inajibu. Inakuandikia tangazo la kuweka WhatsApp. Unaipa picha ya dera, inakutolea picha nzuri zaidi ya ile uliyopiga. Wakafurahi, na haki yao. Tangazo ambalo zamani lilihitaji kijana wa saiba na shilingi mia mbili, sasa linatoka wakiwa wanangoja chai ichemke.

Kisha wakapiga picha kurasa za daftari la madeni, wakaiambia programu ijumlishe na iandike ujumbe wa kumkumbusha kila mdaiwa. Ikafanya. Kwenye mstari mmoja ilisoma 340 kuwa 3,400, kwa sababu aliyeandika alikuwa na mkono wa haraka na alama ya mwisho ilionekana kama sifuri. Ujumbe ukaenda. Mwenye deni akausomea nje, mbele ya majirani, akidhani anatukanwa. Pale ambapo ukuta ni bati na jirani anasikia ukigeuka kitandani, jambo kama hilo halifichiki. Mama yule hakurudi kwao kwa miezi miwili.

Kosa la hesabu lilisahihishwa. La pili walikuwa hata hawajaliona, nami ndilo lililonishughulisha zaidi: majina ya majirani, nambari zao na madeni yao yalikuwa yameshaondoka Soweto West. Ukiipa programu kama ile picha, picha hiyo haikai kwenye simu yako. Inasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni yenye programu, mara nyingi ng'ambo, na kutegemea masharti na mipangilio uliyoikubali bila kuisoma, inaweza kuhifadhiwa na kutumiwa kuifundisha programu yenyewe. Vipimo vya mwili wa mke wa mtu navyo ni hivyo hivyo, na picha yake akijaribu dera bila mtandio.

Sisi Waislamu hatuhitaji kuambiwa na wizara kwamba deni ni amana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni: mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Aya mbili kabla yake inahusu kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Daftari la madeni lina adabu zake, na adabu hizo zilikuwepo kabla ya umeme. Sheria ya Kenya, kwa lugha yake kavu, inaelekea huko huko.

Sheria hiyo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inasimama juu ya kifungu cha 31 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya faragha. Inasema kwa ufupi: ukichukua habari za mtu, mwambie unazichukulia nini; chukua unazohitaji tu; usizitumie kwa jambo jingine; zitunze; na akitaka kuziona, kuzisahihisha au zifutwe pale sheria inaporuhusu, msikilize. Ukitaka kuzitumia kwa biashara, uwe na idhini yake. Habari kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake, na ni makali zaidi kwa habari nyeti, ambazo ndani yake zimo za afya, ndoa, mali, na hata majina ya watoto wako.

Hapa ndipo watu wengi huniambia, "Hiyo ni ya makampuni makubwa." Sivyo, na acha nieleze pole pole kwa sababu ndiyo sehemu inayochanganya.

Kuna kujisajili na kuna kutii. Kujisajili ni kwenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ukapewa cheti. Kwa kanuni za 2021, biashara ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni tano na ina wafanyakazi wasiofika kumi imesamehewa usajili wa lazima. Lakini msamaha huo hauhusu kazi fulani hata ziwe ndogo vipi: shule, zahanati na huduma za wagonjwa, huduma za fedha, hoteli, usafiri, kusimamia nyumba au kuuza ardhi, kamari, na wachache wengine. Kwa hivyo fundi wa cherehani na muuza mahamri wamesamehewa cheti. Mwenye shule ya vyumba vitatu vya mabati, mwenye zahanati ya kona, wakala wa nyumba za kupanga, hao hawajasamehewa. Ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti hudumu miaka miwili.

Kutii ni jambo jingine, na halina msamaha. Aliyesamehewa cheti bado amefungwa na sheria kuhusu jina la jirani yake.

Ukitaka kuona kwamba haya si maneno ya karatasi, rudi Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna iliwatoza faini watatu kwa mkupuo. Roma School, shilingi 4,550,000, kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera Lounge, shilingi 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Na kampuni ya mikopo ya simu Mulla Pride, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na nambari walizozipata kwa watu wengine kuwatumia watu ujumbe wa vitisho na simu za kudai. Hebu yasome tena makosa hayo matatu. Picha ya mtoto, picha ya mteja, ujumbe wa deni. Kina mama wangu wa Soweto West walikuwa wanakaribia yote matatu kwa wakati mmoja: sare za shule zilizovaliwa na watoto kwenye matangazo, wateja wenye madera, na ule ujumbe wa 3,400.

Ndiyo maana nasema mtu akiniuliza "nani anastahiki", mimi namuuliza kwanza kuhusu daftari lake. "Kutumia akili mnemba kwa uwajibikaji", ukiondoa mapambo, ni mambo machache ya kawaida. Uwe na idhini ya mteja, ikiwezekana kwa maandishi. Usiipe mashine jina na nambari ya simu pale ambapo hesabu tupu inatosha. Kina mama sasa wanaandika nambari ya mteja, 14 au 27, na orodha ya majina inakaa kwenye kabati. Binadamu asome kila ujumbe kabla haujatoka. Na mteja akisema hesabu si sahihi, awepo mtu wa kumjibu. Niliwaandikia karatasi ya idhini ya nusu ukurasa, Kiswahili kitupu. Mteja anatia sahihi akipimwa. Wawili walikataa. Vipimo vyao vinabaki kwenye kitabu cha karatasi, na dera linashonwa vile vile.

Kwa Kibera somo hili si geni. Ni Wakenya wachache wanaojua kwamba serikali yenyewe ilifundishwa adabu ya data na watu wa pale. Serikali ilipoleta Huduma Namba, shirika la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Wanubi walikuwa na sababu yao: mtu aliyesumbuliwa miaka na miaka kupata kitambulisho anajua kwamba mashine ikimkataa hatakuwa na pa kusimama. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba kukusanya DNA na mahali halisi mtu alipo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo uendelee kwa sharti kwanza pawe na kanuni kamili za kuusimamia. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, Mahakama Kuu ikabatilisha uzinduzi wa kadi zile kwa kuwa serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa data za watu, kama sheria inavyotaka. Ndugu zetu wa Pwani tuliozoea kuitwa "lete cheti cha babu" kila tukitafuta kitambulisho tungepaswa kuzijua hukumu hizi vizuri zaidi.

Basi tuirudie ile milango ya pesa, maana nayo ina mashine ndani yake.

Hustler Fund hukopesha kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, siku kumi na nne, riba asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba. Suala la riba najua kila mmoja wenu analijua. Wako niliowaona wameuacha kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu. Lakini tazama jinsi kiwango chako kinavyopatikana. Hakuna karani aliyekutazama. Unabonyeza *254#, mfumo unakwambia unastahiki kiasi gani, na ukilipa vizuri kiwango kinapanda. Yaani serikali inayotaka biashara ndogo zitumie mashine kwa uwajibikaji inatumia hesabu ya mashine kuamua mama muuza mahamri apewe mia tano au elfu tano.

Kifungu cha 35 cha sheria ile ile kinampa mama huyo haki. Mtu asitiwe chini ya uamuzi uliotolewa na mashine peke yake ikiwa uamuzi huo unamgusa kisheria au kwa uzito mkubwa. Kuna vizuizi: pale ambapo ni lazima kwa mkataba, pale sheria inaporuhusu, au mwenyewe aliporidhia. Lakini hata katika hali hizo anatakiwa kuarifiwa kwa maandishi kwamba uamuzi ulitokana na mashine, na anaweza kuomba utazamwe upya au utolewe uamuzi mwingine usiotegemea mashine tupu. Mimi bado sijakutana na mtu aliyekopa kwa simu akaniambia aliwahi kuelezwa hivyo, awe amekopa kwa serikali au kwa makampuni. Ujumbe unasema "hustahiki kwa sasa, jaribu tena baadaye". Kwa maoni yangu, kabla hatujamfundisha fundi wa Soweto West maadili ya akili mnemba, mwenye mfumo mkubwa zaidi angetangulia kuonyesha mfano.

Uwezo Fund ni mlango mwingine kabisa, nao una watu ndani. Mkopo wa kikundi huanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, hauna riba, bali kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3 inayotozwa mara moja. Kuhusu ada hiyo muulizeni sheikh wenu, msinitegemee mimi. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe kinafanya kazi katika eneobunge kinakoombea, kiwe na akaunti ya benki kwa jina lake, na kiwe na mtindo wa kuchangishana na kukopeshana kama vyama vyetu vya kawaida. Usajili wa vikundi sasa unaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kwa kawaida kikundi kiwe na watu kumi au zaidi. Chifu ataulizwa kama anawajua.

Neno hilo dogo, mahali, ndilo linalowatatiza watu wa Soweto West. Kibanda hakina nambari ya ploti, kodi inalipwa bila risiti. Kabla ya 2009 Kibera yote ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mwaka huo vijana wa huko, kupitia mradi wa Map Kibera, walipita na vifaa vya kupimia wakaweka vichochoro, vyoo, zahanati, misikiti na makanisa kwenye ramani ya OpenStreetMap. Kikundi changu kinajieleza kwa alama hizo. Afisa aliwakubalia. Mwingine angeweza kukataa.

NYOTA ni wa vijana wa miaka 18 hadi 29, hadi 35 kwa wenye ulemavu, wenye elimu isiyozidi kidato cha nne. Si mkopo, kwa hivyo lile la riba halipo. Hesabu iliyotangazwa ni vijana 70 kwa kila wadi, na wadi nchini ni 1,450. Wadi ya Sarang'ombe, iliyojaa watu kama dagaa kwenye gunia, ina nafasi sawa na wadi ambayo ukitembea nusu siku hukutani na duka. Usawa wa aina hiyo mimi haunikai vizuri.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu hilo neno "uwajibikaji", na linaihusu Kibera moja kwa moja. Mashine hizi hazikuzaliwa zinajua. Kwa miaka mingi vijana wa Nairobi, wa Kibera wakiwemo, wameajiriwa na kampuni ya Samasource, ambayo baadaye iliitwa Sama, kuchora mistari kwenye picha ili gari lijue huyu ni mtu na ile ni nguzo. Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani likaandika kwamba wafanyakazi wa Sama waliosoma na kupanga maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka walikuwa wakipata chini ya dola mbili kwa saa. Nimesoma masharti ya nchi kadhaa. Mwombaji hulazimika kueleza atatumiaje programu. Anayeuza programu sijaona akiulizwa kwa mkazo ule ule alimlipa nani, na kiasi gani, ili ijue inachokijua.

Fomu yetu ya Kenya ikija, na naamini iko siku itakuja, ningependa iwe ya ukurasa mmoja na kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ikubali cheti cha kikundi pale pasipo na hati ya ploti. Iulize habari za wateja zinawekwa wapi na nani anazisoma. Itoe orodha ya programu zilizokaguliwa, kama wafanyavyo Singapore, ili mzigo wa kusoma masharti ya kurasa arobaini usimwangukie mtu mwenye cherehani. Na mwombaji akikataliwa, barua iseme kama ni mtu au mashine iliyomkataa, pamoja na jina na nambari ya simu ya afisa wa kumuuliza.

Kwa sasa, mwenye malalamiko kuhusu habari zake kutumiwa vibaya, iwe na duka, shule, mkopeshaji wa simu au ofisi ya serikali, anaweza kuyapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.